Hesabuni Mikoko Iliyo Hai: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mazingira na elimu Zanzibar

Kwa Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais inayosimamia mazingira, Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, na wakuu wa mikoa na wilaya za Pemba.

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu wa jiografia kusini mwa Pemba, na nina ombi ambalo nimekaa nalo muda mrefu. Acheni kutuuliza tumepanda mikoko mingapi. Tuulizeni mingapi iko hai, na kazi ya kuihesabu wapeni wanafunzi wa skuli zilizo karibu na pwani pamoja na kamati za shehia zao. Mengine yote nitakayoyasema yanatokana na ombi hilo.

Sina haja ya kuwashawishi kuwa tatizo lipo. Mkakati wa Mabadiliko ya Tabianchi wa Zanzibar ulitoka mwaka 2014, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ikafuata mwaka 2015. Ofisi za Serikali zenyewe zimeorodhesha zaidi ya maeneo 100 ambako maji ya bahari yamepanda juu na kuingia kwenye ardhi ya watu, na mengi yako huku kwetu Pemba. Wanasayansi wanasema kina cha bahari duniani kilipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi kati ya mwaka 1901 na 2018. Mtu anayeishi mbali na pwani anaweza kuiona sentimita 20 kuwa si kitu. Mwenye konde la mpunga pembezoni mwa mikoko haioni hivyo. Maji ya kila siku hayamfikii, lakini bamvua kubwa, zile siku ambazo bahari hujaa sana na kutoka sana, likikutana na upepo mkali, sentimita chache ndizo zinazoamua kama maji yatarudi baharini au yatamwagikia bondeni. Yakishaingia mara moja tu, chumvi hubaki ndani ya udongo, na huhitaji mvua nzuri za misimu kadhaa kuiosha. Watu wa Kisiwa Panza, huku huku kusini mwa Pemba, wanalijua hili kuliko kitabu chochote ninachofundishia: mabonde ya mpunga yameachwa na minazi imekufa imesimama.

Mabadiliko haya ya tabianchi hatukuyasababisha sisi. Joto la dunia linaloinua bahari limetokana zaidi na viwanda, magari na umeme wa mataifa makubwa, na wajumbe wetu wana haki ya kulidai hilo katika kila mkutano wa kimataifa. Nalisema na kulipita, kwa sababu barua hii inahusu yaliyomo mikononi mwenu.

Kila mwaka, hasa inapokaribia tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, pwani zetu hupata wageni. Huja fulana mpya, mabango, vipaza sauti na waandishi wa habari. Wanafunzi hutolewa madarasani, hupewa mbegu za mkoko mikononi, hupangwa mistari, na jioni idadi ya miti iliyopandwa husomwa redioni. Katika pwani moja ninayoijua vizuri, taasisi ambayo sina haja ya kuitaja ilipanda maelfu ya mbegu kwenye mchanga mtupu, mahali panapopigwa na mawimbi ya kusi, msimu wa upepo wa kusini. Wazee wa pale walisema siku ile ile kwamba tangu wapate akili hawajaona mkoko ukiota hapo. Hakuna aliyewauliza kabla, na walipozungumza hakuna aliyeandika. Kusi lilipokwisha haikuwepo hata safu moja iliyosimama. Mwaka uliofuata ikaja taasisi nyingine, ikapanda pale pale.

Najua waliokuja walikuwa na nia njema. Lakini fikirini ile asubuhi ilimfundisha nini mtoto wa darasa la sita. Alijifunza kwamba mabadiliko ya tabianchi ni shughuli ya wageni, ina tarehe yake, na ikishapigwa picha imekwisha. Sisi walimu itatuchukua miaka kulifuta somo hilo.

Na mkoko wenyewe hauna kosa. Mtu anayeijua mikoko hapandi popote. Mlilana ndio unaotangulia mbele upande wa bahari, unaokubali kuzamishwa kwa saa nyingi. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya matao, unataka tope na hukaa nyuma kidogo. Mkandaa uko ndani zaidi, ambako maji hufika kwa nadra. Mchu utaukuta mbele na nyuma, na unavumilia chumvi inayoishinda mingine. Kwa nini basi karibu kila msafara hupanda mkoko wa matao peke yake? Kwa sababu mbegu yake ni ndefu, huokotwa kwa wingi chini ya mti na huchomekwa topeni bila ya kitalu. Mbegu za mlilana na mchu ni ndogo, zinataka kitalu na mtu wa kuziangalia kwa miezi, na kampeni ya asubuhi moja haina miezi hiyo.

Kuna hata mahali ambapo hapahitaji kupandwa kitu. Chukueni mashamba ya chumvi yaliyoachwa. Mikoko ilikatwa, kingo zikajengwa, kisha biashara ikalala. Kingo zile zikikatwa mahali panapostahiki, maji yakapata njia yake ya kuingia na kutoka, bahari yenyewe huleta mbegu na kila mti ukaota panapoufaa. Hiyo ni kazi ya majembe na vibarua wa kijiji. Haipendezi kwenye picha, lakini ndiyo inayodumu.

Mambo ni hayo hayo kwenye matuta ya kuzuia bahari. Tunashukuru kwa yaliyojengwa. Lakini tuta linalolinda bonde la mpunga linataka mlango wa maji unaofunga bahari inapojaa na kufungua inapokupwa, ili maji ya mvua yatoke na kuondoka na chumvi. Mlango ukikwama umefungwa, mpunga unazama kwa maji ya mvua. Ukikwama wazi, bahari inaingia kama zamani. Nani anautia grisi? Nani ana ufunguo usiku wa bamvua? Fedha za kuutengeneza ziko fungu gani? Kila tuta likabidhiwe kwa kamati ya bonde kwa maandishi, pamoja na fungu dogo la matengenezo la kila mwaka. Mkandarasi akishaondoka, wanaobaki na lile tuta ni wakulima.

Sasa niingie darasani, ambako ndiko riziki yangu ilipo. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu anaweza kukuchorea namna hewa ya ukaa inavyozuia joto lisitoke. Ataandika, kwa Kiingereza alichokikariri, habari za barafu inayoyeyuka kwenye ncha ya kaskazini ya dunia. Muulize kwa nini mpunga wa bibi yake umeungua upande wa mikoko na ukastawi upande wa mlima, atanyamaza. Si kwamba hana akili. Hajaambiwa kuwa hilo nalo ni somo, na mtihani haujawahi kumuuliza. Anayapita makonde yale kila asubuhi akija skuli, kisha anaingia darasani kusoma jambo hilo hilo kana kwamba linatokea nchi za watu wengine. Barafu aendelee kuisoma. Ninachotaka ni aanze na bonde lao, kisha aifikie barafu akiwa na sababu ya kutaka kujua.

Niwaeleze somo ninalolifikiria. Siku ya bamvua, maji yakishatoka sana, darasa linashuka pwani na kamba yenye alama za mita. Kamba inalazwa kutoka nchi kavu hadi ukingo wa bahari. Kila baada ya hatua chache wanafunzi wanautambua mti, wanapima urefu wake, wanaandika kama uko hai au umekufa, na chini yake kuna nini: tope, mchanga au jiwe. Wakirudi wanatafuta asilimia na kuchora grafu. Wanaandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, na ukurasa huo unasomwa mbele ya mkutano wa shehia. Baada ya miezi sita wanarudi pale pale na kamba ile ile. Humo mna hesabu, jiografia, bayolojia na Kiswahili, na gharama yake ni kamba, daftari na mwalimu aliyeruhusiwa kutoka nje ya geti.

Kipima mvua kiwekwe katika kila skuli. Mvua ya Micheweni si mvua ya Mkoani, na vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa haviwezi kuwa kila mahali. Wanafunzi wakiandika milimita kila asubuhi, baada ya miaka michache kijiji kitakuwa na daftari lake. Daftari hilo liwekwe mbele ya wazee wanaohesabu bado miongo, yaani siku kumi kumi, tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jadi, wanaojua ni mwongo upi uliokuwa wa kupanda mpunga na upi wa kungoja vuli. Wao wanasema misimu imeyumba. Vijana watakuwa na tarakimu za kuonesha imeyumba kiasi gani. Mazungumzo hayo kati ya mzee na mwanafunzi nayatamani kuliko semina yoyote ya hotelini.

Na katika walimu wa somo hili, msiwasahau akina mama wa mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja upande wa mashariki mwaka 1989, kikaenea hadi huku, na wakulima wengi ni wanawake. Mwani mnene, ambao bei yake ni nzuri zaidi, ulikuwa ukistawi kwenye maji mafupi. Maji yalipozidi joto ukaanza kugeuka mweupe, kulainika na kukatika kwenye kamba. Wengi wakabaki na mwani mwembamba, unaovumilia zaidi na kulipa kidogo. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa muda mrefu wa mwani hapa Zanzibar, alifanya kazi na wakulima wenyewe kujaribu kuupanda mwani mnene kwenye maji ya kina ndani ya nyavu za mfano wa mabomba. Njia hiyo inataka mashua na inataka kujua kuogelea, na wanawake wengi hawakufundishwa kuogelea. Kwa hiyo mkitaka kumsaidia mkulima wa mwani kuhimili tabianchi, moja ya elimu anazohitaji ni kuogelea. Hili sikulipata kwenye mkakati wowote, linajulikana pwani.

Mtaalamu akitoka mjini kuja kutufundisha hupewa nauli na posho, na ni haki yake. Bi mkubwa aliyeishi na mwani tangu ulipoingia kijijini kwake akija kuzungumza na darasa, naye anaacha kazi ya siku nzima. Iwekeni posho yake kwenye bajeti, kwa jina la mwalimu wa jamii au jina lolote mtakaloona linafaa.

Si kweli kwamba vijiji vyetu vinangoja kuamshwa. Kisiwa Panza hicho hicho wavuvi walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa, jambo gumu kwa watu wanaokula kutokana na mwamba huo huo. Pweza hukua haraka sana. Mwamba ukifunguliwa, watu huona kwa macho yao na kwa mizani tofauti ya uzito. Hakuna hotuba iliyowahi kumshawishi mchokoaji pweza kama mizani ile. Kisiwa kidogo cha Kokota kimepanda miti na kuvuna maji ya mvua kwa msaada wa jumuiya iliyozaliwa hapa hapa Pemba.

Na Misali, kisiwa kidogo magharibi mwa Pemba. Kisiwa kile kilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998, mwaka ambao joto la bahari liliua matumbawe mengi kote Bahari ya Hindi na Misali ikaumia vibaya. Katika miaka iliyofuata, uhifadhi wake ulielezwa kwa wavuvi pia kwa lugha ya dini, kupitia masheikh na walimu wa madrasa: kwamba bahari ni amana, kwamba israfu ni haramu hata kwenye kitu kinachoonekana hakimaliziki. Mimi naamini hilo lilikuwa jambo la busara kuliko mengi yaliyofanywa Zanzibar katika uhifadhi, na nasikitika kwamba tumeliacha libaki kuwa hadithi ya Misali. Watoto wetu wengi wanakwenda chuoni kusoma Qur'ani kabla au baada ya skuli. Ustadhi wa kijiji anasikilizwa na wazazi kuliko mimi na kuliko ninyi. Akae meza moja nasi tangu mwanzo. Tukimwita dakika ya mwisho afungue kikao kwa dua tu, tutakuwa tumempoteza mwalimu aliye karibu zaidi na watu.

Yapo pia yaliyotuumiza. Mwaka 2010 ulianza mradi wa kuhifadhi misitu ya asili, HIMA, na shehia nyingi za Unguja na Pemba zikaingia mikataba ya kusimamia misitu yao chini ya sheria ya misitu ya mwaka 1996. Ulikuwa mwanzo mzuri, kwa sababu mwananchi alipewa mamlaka yaliyoandikwa. Lakini mradi huwa na tarehe ya kumalizika, na msitu unahitaji mlinzi baada ya tarehe hiyo. Kamati ya shehia inayofanya doria usiku kwenye mikoko inahitaji tochi, viatu, mashua ya kukodi, na uhakika kwamba ikimpeleka mtu kituoni kesi yake itasikilizwa. Mjumbe wa kamati akishamkamata jirani yake na mzigo wa mikandaa, kisha akamwona mtaani siku ya pili anacheka, hatatoka tena usiku. Na yule jirani naye ana sababu zake: hana kuni nyingine, na gesi bei yake haimkaribii. Kuwaambia watu wasikate bila ya kuwaachia shamba la miti ya kuni ni kuwapa amri wasiyoweza kuitii.

Basi naomba hivi.

Wizara ya Elimu itoe waraka kabla ya kuanza mwaka wa masomo, unaoruhusu skuli za pwani kufanya somo la kamba na daftari mara mbili kwa mwaka, na alama zake zihesabiwe kwenye mitihani ya skuli. Bila ya alama, mzazi atauliza mtoto amekwenda kuchezea tope kwa nini, na atakuwa na haki ya kuuliza. Waraka utaje usalama: ratiba ya maji iangaliwe kabla, watu wazima wawili wanaoijua pwani wawepo kwa kila darasa, na hakuna mtoto anayevuka mkondo.

Ofisi ya Makamu wa Kwanza iweke sharti kwa kila anayetaka kupanda mikoko Zanzibar, awe wizara, benki, hoteli au jumuiya: mahali pachaguliwe na kamati ya shehia, na fedha zilipwe kwa vipande. Sehemu itolewe siku ya kupanda, sehemu baada ya mwaka mmoja, na iliyobaki baada ya miaka miwili, kulingana na miti iliyo hai. Najua litakaloulizwa: je, kijiji hakitadanganya hesabu ili kilipwe? Kinaweza. Ndiyo maana napendekeza skuli ya shehia jirani ndiyo ihesabu, wenyeji wawepo, na matokeo yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya sheha ambapo kila mtu anapita. Ni vigumu kudanganya idadi ya miti mbele ya watu wanaoipita kila siku wakienda kuvua.

Wakuu wa wilaya na halmashauri, ninyi mna uwezo wa kufanya jambo moja bila kungoja mtu. Wekeni kifungu cha tabianchi kwenye bajeti ya halmashauri, hata kikiwa kidogo, kinachokwenda moja kwa moja kwenye shehia kwa kazi zilizopangwa na shehia: kutia grisi mlango wa tuta, kukodi mashua ya doria, kulipa posho ya bibi wa mwani, kununua miche ya kuni. Hesabu zake zisomwe kwenye mkutano wa wananchi.

Sitaki mtuamini kwa maneno. Chagueni shehia tatu kwa majaribio, moja Mkoani, moja Wete, moja Micheweni, na mje wenyewe kusikiliza wanafunzi wakisoma matokeo yao, yakiwa mazuri au mabaya. Nataka hata yale mabaya yasomwe. Mwanafunzi akisimama mbele ya mkuu wa wilaya akasema kati ya miti mia tuliyopanda imebaki saba, na sababu ni mchanga, atakuwa ametoa taarifa ya maana kuliko nyingi nilizowahi kuzisikia kwenye jukwaa.

Kwa upande wetu, baadhi ya walimu wa kusini tumeshakubaliana kuanza kwa kujitolea, kila mmoja na darasa lake. Kamba tunazo na wazee wamekubali. Tunachokosa ni ruhusa ya maandishi ya kuwatoa wanafunzi nje wakati wa vipindi, na vipima mvua. Bamvua la kwanza baada ya skuli kufunguliwa lisipite, tafadhali, kabla waraka haujatufikia.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wa jiografia,
Wilaya ya Mkoani, Pemba.

Nakala: Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, Wizara ya Kilimo, Umwagiliaji, Maliasili na Mifugo, Wawakilishi wa majimbo ya Pemba, masheha wote wa shehia za pwani.